Upande wa Kupisha pale Kuluba

Nilikabidhi koti langu la ukaguzi siku ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Dramani akanipigia simu kuuliza nati za mkanda wa kiti hufungwa kwa nguvu kiasi gani. Jumanne akapiga tena kuhusu springi ya kabureta. Dramani ndiye aliyechukua nafasi yangu, mtu mzima mwenye watoto wanne, na kazi anaijua kuliko anavyojidhania. Jumatano nikazima simu, nikachukua daftari. Basi haya ni yako, Dramani, na ya wenzako wote mnaokagua magari na kuwaandaa madereva wanaoanza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mnatoka Arua, Koboko na ng'ambo ya mpaka, na hii ndiyo lugha mnayogombana kwayo vizuri. Mimi nilijifunza kuiandika miaka minne niliyofanya kazi Nakuru, kwa hiyo msinicheke ikinyooka kupita kiasi.

Mnaniita Madam. Jina langu ni Candiru, kwa wale mliosahau kuuliza.

Nilianza gereji pale Arua, chini ya kilima, kwa Mzee Taban. Alikuwa Mkakwa wa Koboko, aliyejifunza kutengeneza malori jeshini na kutoka huko na vitu viwili: Kiswahili cha kuamrisha watu, na masikio yaliyojua ugonjwa wa injini kabla gari halijasimama. Nilifika kwake asubuhi moja nikiwa na viatu vyangu vya shule na barua ya mwalimu wangu wa hesabu. Barua hakuisoma.

"Nani tuma wewe?" akaniuliza.

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi ingia ndani ya hii gari. Kaa."

Ilikuwa Datsun isiyo na injini, imekalishwa juu ya magogo. Nikaingia. Akanifunga kitambaa machoni, akaanza: "Gusa breki. Gusa taa. Gusa mlango. Hapana, hiyo ni dirisha. Rudia." Nilidhani ananichezea mbele ya wanaume wa gereji, na kusema kweli wanaume wa gereji walidhani hivyohivyo, maana walicheka mpaka wakati wa chakula. Jioni bado nilikuwa ndani ya Datsun ile. Siku ya tatu niliweza kufungua mkanda, kuzima swichi na kutoka nje nikiwa nimefumba macho, haraka kuliko yeyote kati yao akiwa amefumbua. Spana nilikuwa sijaishika hata moja.

"Moto hapana ngojea wewe tafuta mlango," Mzee Taban akasema, na hayo ndiyo maelezo pekee aliyowahi kunipa.

Nilikaa kwake miaka mingi kabla ya kwenda Nakuru. Alinifundisha kunusa mafuta ya breki kwenye ukingo wa tairi, kugonga bolti kwa nyundo ndogo na kusikiliza kama inaitika vizuri, na kutomwamini mwenye gari anayesema "ilikuwa sawa jana". Nyundo ile ninayo hadi leo. Kioo cha kuchungulia chini ya gari nilijitengenezea mwenyewe kwa kioo cha poda na spoki ya baiskeli. Kuhusu rangi ya kucha, najua mlikuwa mnanong'ona. Sijawahi kupaka kucha maishani mwangu. Kila nati niliyoikaza niliipaka mstari mwekundu wa rangi hiyo kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Mstari ukivunjika, ujue nati imesogea, na hakuna haja ya kubishana na mtu. Duka la vipodozi pale sokoni walidhani nina binti sita.

Kule Nakuru, Jumapili, nilikuwa naona watu wakishindana kwa magari ya zamani ya saluni, yale madogo ya familia. Hayakuwa magari ya kurukia milima. Yalikuwa yaleyale yaliyowapeleka baba zao kazini, yamefungwa mikanda mizito na kupigwa namba mlangoni. Niliporudi Arua nikamsimulia Mzee Taban. Akasema, "Watu ya Nakuru iko na wazimu." Wiki mbili baadaye nikamkuta anazunguka Koboko kwa pikipiki kutafuta kiwanja.

Alikipata Kuluba, upande uleule wa Koboko. Mkulima mmoja alikuwa na barabara ya udongo inayozunguka mashamba yake ya mihogo, pana ya kutosha magari mawili, yenye kona moja mbaya karibu na kisima. Alituruhusu tuitumie baada ya mavuno, kwa sharti kwamba tusiue mbuzi. Tulianza na magari matano. Kanuni tuliziandika kwenye ukurasa mmoja: gari liwe saluni, liwe na kabureta, bodi iwe kama ilivyotoka kiwandani, lisikatwe popote. Mtu akiuliza zaidi, nilimwambia, liwe gari ambalo baba yako angeweza kupandisha familia kwenda kanisani au msikitini. Hapo walielewa wote, kasoro mmoja aliyeleta pikapu.

Sasa kuhusu wanaoanza. Nyote mtawaona na wote wanafanana. Anayeanza huja na ndoto ya injini. Anataka kelele. Anatumia kila alichonacho kwenye ekzosi na tairi pana, halafu anakuja kwako amekalia kiti kilichofungwa kwa waya. Mwambieni mambo kwa mpangilio huu, na msimruhusu aruke hata moja. Kwanza kiti, kifungwe sakafuni kwa bolti nne zenye bamba la chuma upande wa chini, maana sakafu za magari haya zina kutu kuliko mwenyewe anavyokubali. Pili mkanda, wa kupita mabega yote mawili. Tatu fremu ya chuma ya kuzuia paa lisimlalie. Halafu breki. Halafu betri, ifungwe isicheze. Halafu springi ya pili kwenye kabureta, ili ya kwanza ikikatika pedali ya mafuta irudi. Swichi ya kukata umeme iwe mahali mkono unafika bila jicho kusaidia. Kofia ngumu, kizimamoto, ovaroli ya pamba. Injini? Injini iache kama ilivyo mwaka mzima. Gari la polepole lenye breki humfundisha mtu, na bado atakuwapo kufundishwa wiki inayofuata.

Mgumu kuliko wote alikuwa Mwalimu Onzima wa shule ya Ediofe. Baadaye alikuja kuwa mwenyekiti wetu na rafiki yangu, lakini msimu wa kwanza tulikuwa hatusalimiani vizuri. Datsun yake aliipaka rangi ya manjano, akaifunga ekzosi iliyosikika mpaka barabara kuu, na kiti kilikuwa kilekile cha tangu zamani, kinachobembea. Nilimrudisha nyumbani mara nne.

"Madam, hii gari iko sawa kabisa. Wewe iko natafuta nini tena?"

"Natafuta bolti ya nne, Mwalimu."

"Tatu inatosha!"

"Basi wewe kimbia robo tatu ya mashindano."

Alinuna. Alikuja na bolti ya nne, akanuna tena kwa sababu haikuwa na bamba. Mara ya tano nilimpitisha, akamaliza wa mwisho, akashuka akicheka peke yake kama aliyeachiwa huru. Kuanzia hapo alikuwa wetu. Sijui niwaelezeje raha ya kumtazama mtu mzima akishuka kwenye gari bovu akiwa na uso ule, ila kwamba ndiyo iliyonifanya niamke alfajiri misimu yote hii, na magoti yangu yakiwa haya mnayoyajua.

Niliwafundisha wote kwa njia ya Mzee Taban. Kitambaa machoni, gusa swichi, gusa mkanda, toka. Kuluba kuna vumbi. Gari likiwa mbele yako, unaendesha ndani ya pazia jekundu na taa zako zimewashwa ili wa mbele akuone kwenye kioo. Akikuona una kasi kuliko yeye, anasogea kushoto, wewe unapita kulia. Hilo hatukuliandika popote. Wote waliokuja kwetu walilifanya bila kuambiwa, kwa hiyo hatukujua hata kwamba ni kanuni.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na ndilo hasa nililochukulia daftari. Mengine yote mngeweza kuyajua kwa kunipigia simu.

Misimu mitatu kabla sijastaafu, Papa Kambale alinitafuta. Wengi wenu mnamjua: mfanyabiashara wa vitenge pale Koboko, Mkongo mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, ameishi upande wetu miaka mingi. Alikuwa na Peugeot 504 ya marehemu baba yake, yenye usukani wa kushoto. Aliikalisha ndani ya ua akiifuta vumbi kila Jumapili, kwa sababu hakujua amfanyie nini tena baba yake.

"Mama, nasikia unafundishaka watu," akaniambia. "Mimi niko mutu muzima, sijue kama nitaweza. Lakini hii motoka inalala tu."

Sijapata kuwa na mwanafunzi kama yule. Nilimwambia kiti, akaleta kiti. Nilimwambia bamba la chuma, akaleta mabamba manane ili fundi achague. Injini hakuigusa. Tulikwenda Kuluba Jumamosi tatu mfululizo, mimi na yeye tu, kiwanja kitupu. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikamfundisha kona ya kisima, mahali pa kukanyaga breki na mahali pa kuiachia. Nilimfunga kitambaa, akatoka nje ya gari kama mvuke. Nikampitisha kwa furaha, nikapaka nati zake mistari myekundu mmoja baada ya mwingine, na nikajisifu kwa Mzee Taban kwamba nimepata dereva. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa kuwa na mwenzake barabarani.

Siku ya mashindano watu walijaa Kuluba. Papa Kambale alianza nyuma kama inavyopaswa kwa anayeanza, akaenda taratibu na kwa adabu. Katika mzunguko wa nne, Mwalimu Onzima, aliyekuwa anaongoza, akamfikia kumpita mzunguko mzima, kwenye sehemu iliyonyooka kabla ya kisima. Taa za Datsun ziliwaka ndani ya vumbi. Papa Kambale akaziona, akasogea kumpisha. Mwalimu akakata kulia kupita. Kilichofuata nilikisikia kabla sijakiona.

Datsun ilikuwa imelala ubavu ndani ya shamba. Nilikimbia. Mwalimu alikuwa amening'inia kwenye mkanda, macho yamejaa udongo, na mkono wake wa kushoto umekwishazima swichi. Mfupa wa mtulinga wa kulia ulikuwa umevunjika na mbavu mbili zimepata ufa, lakini alikuwa anasema, na alichokuwa anasema hakifai kuandikwa, hasa kikitoka kwa mwalimu. Tulimtoa, gari la wagonjwa likamchukua.

Nyuma yangu watu walikuwa wameshaamua.

"Huyu Mkongo alifungia yeye njia! Sisi naona na macho!"

"Hapana rudi na yeye hapa! Hawa watu hapana jua sheria!"

Papa Kambale alikuwa amesimama kando ya Peugeot, kofia ngumu mikononi. Aliponiona akasema polepole, "Mama, mimi nilimupisha. Niliona taa, nikamupisha. Mutu akikuya nyuma na nguvu, unamupishaka, unaendaka ku mukono ya kuume."

Nikatazama udongo. Alama za matairi ya Peugeot zilitoka katikati ya barabara zikaenda kulia, kwa utulivu, kama za mtu anayefungulia mgeni mlango. Kwao wanaendesha upande wa kulia. Huko ndiko alikofundishwa na baba yake, katika gari hilohilo. Mjini Koboko aliendesha kushoto kama sisi sote, kwa kufikiri. Lakini taa zikikumulika kwa nyuma ndani ya vumbi hufikirii. Mkono unafanya ulichokijua kwanza. Wote wawili walikwenda kulia, kila mmoja kwa heshima zake.

Nilielewa palepale. Na nikanyamaza.

Waliponiuliza kama mkaguzi nina lipi la kusema, nikajibu kwamba nitachunguza. Wiki nzima nikajitia hamnazo. Niliiingiza Peugeot gerejini, nikaikagua kuanzia bampa hadi bampa. Nilikagua usukani, breki, kila kiungo. Sikuwa natafuta ukweli. Nilikuwa natafuta nati iliyolegea, moja tu, ili niseme ni gari. Mistari yangu yote myekundu ilikuwa mizima. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri sana kila mahali isipokuwa palipohitajika.

Wakati huohuo habari zikanifikia kwamba chama chetu cha mashindano kinakutana Jumapili kumfukuza Papa Kambale, na kupiga marufuku mtu yeyote wa ng'ambo ya mpaka. Hasira ilikuwa kubwa, na mimi ndiye mtu pekee niliyeweza kuizima. Lakini mkaguzi ana kitu kimoja tu, nacho ni watu kumwamini anaposema gari na dereva wako tayari. Niliona wazi kwamba nikisema, nitakipoteza, na sikuwa na kingine.

Ijumaa nikapanda kwenda Koboko kwa Mzee Taban. Alikuwa amezeeka, hatoki tena, ila mikono ilikuwa haijakubali. Nilimkuta amefungua pampu ya baiskeli vipande sita na hakumbuki cha saba kimeenda wapi. Nikamsimulia yote nikimsaidia kutafuta.

"Nani fundisha yeye?" akauliza.

"Mimi."

"Nani sema yeye iko tayari?"

"Mimi, Mzee."

"Basi iko kama breki wewe alifunga vibaya. Breki ya nani?"

"Yangu."

"Sasa wewe nataka mimi sema nini? Inama, angalia chini ya kiti. Hiyo washa iko chini ya kiti."

Ilikuwa chini ya kiti kweli, ile washa, pete ndogo iliyokuwa kipande cha saba. Hakunipa neno lingine, na nilirudi Arua nikiwa nimemkasirikia, maana nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu wa kunionea huruma.

Mkutano ulikuwa Ediofe, alasiri, ndani ya darasa la watoto wadogo. Watu wazima tumekalia madawati, magoti yakigusa videvu. Mwalimu Onzima alikuwa mbele kama mwenyekiti, mkono wa kulia umefungwa kifuani. Papa Kambale alikaa karibu na mlango. Mbele yake, juu ya dawati, aliweka ufunguo wa Peugeot na kofia ngumu. Hakuwa amekuja kujitetea. Alikuwa amekuja kukabidhi.

Walisema mengi. Nikasubiri mpaka nikaona Mwalimu anataka kupigisha kura, nikasimama.

"Kabla ya kura, fumbeni macho," nikasema. "Wote. Papa Kambale pia. Mwalimu pia."

Kwa kuwa wote waliwahi kufungwa kitambaa na mimi, walifumba bila kuuliza.

"Mko Kuluba, ndani ya vumbi. Taa zimewaka nyuma yenu, gari lina kasi kuliko lako. Mpishe. Nionyesheni kwa mkono unakwenda upande gani. Msishushe mkono mpaka niseme. Haya, fumbueni."

Mikono yote ilikuwa kushoto. Hata Mwalimu alikuwa ameinua ule wake mzima, wa kushoto. Mkono mmoja tu, karibu na mlango, ulikuwa umenyooka kulia, na mwenye mkono huo alikuwa anatazama mikono ya wenzake mdomo wazi. Nadhani hata yeye ndipo alipoelewa.

"Alikuwa anampisha," nikasema. "Kama alivyofundishwa kwao. Sisi hatukumwambia kwamba hapa ni kushoto, na wa kumwambia nilikuwa mimi. Nilikaa naye Jumamosi tatu, nikasema yuko tayari, na hakuwa tayari. Nimejua tangu siku ileile, nikanyamaza wiki nzima kwa kuogopa. Kama kuna wa kufukuzwa, ni mimi." Nikavua koti la ukaguzi, nikaliweka juu ya meza ya mwalimu.

Mwalimu Onzima akalisogeza koti pembeni kwa mkono wake mzima.

"Madam, wewe ulirudisha mimi nyumbani mara nne sababu ya bolti moja. Mara nne! Na hii kitu kubwa hivi wewe uliacha?"

"Niliacha, Mwalimu."

"Na tena ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Waliniondoa kwenye ukaguzi msimu mzima, na ilikuwa haki. Nisingewaamini kama wangeniacha. Kura ya kumfukuza Papa Kambale haikupigwa. Mwalimu mwenyewe alipendekeza kwamba kila gari lifungwe kitambaa chekundu ndani, kwenye nguzo ya kioo upande wa kushoto, na kwamba anayepisha aende upande wa kitambaa, awe ametoka nchi yoyote na usukani uwe upande wowote. Ndiyo hicho mnachokifunga leo bila kujua kilikotoka. Pia tangu siku ile hakuna anayeanza anayepitishwa kabla ya kuendesha na gari jingine mbele yake, kisha nyuma yake, mpaka apishe na apishwe. Msiliruke hilo kamwe, hata mvua ikiwa inakuja na watu wanapiga honi.

Lakini Papa Kambale alichukua ufunguo na kofia yake, akanishika mkono, akatoka. Nilimfuata nje nikamwuliza kama tutamwona msimu ujao.

"Mama, nilivunja mutu," akasema. "Hata kama haikuwa makosa yangu, ni mimi nilimuvunja. Sijue."

Msimu ule wa kukaa bure ulikuwa mrefu. Niliinyoosha Datsun ya Mwalimu kwa mikono yangu, mlango hadi mlango. Yeye alikuja gerejini baada ya masomo, anakaa kwenye ndoo na kunisahihisha. Papa Kambale sikumwona. Nilipita dukani kwake mara mbili nikanunua vitenge nisivyovihitaji, na hakuna aliyetaja gari. Iliniuma kuliko kukosa koti. Nilikuwa nimemsafishia jina lake, lakini kama asingerudi, basi nilikuwa nimemchukulia Jumapili zake na gari la baba yake, na hilo hakuna mkutano wa kulirekebisha.

Msimu mpya ulipofunguliwa, wiki moja kabla sijarudishiwa koti, nilikwenda Kuluba kama mtazamaji, na karanga zangu. Magari yalikuwa yamepangwa tayari nilipoiona Peugeot inaingia taratibu kupitia mashamba, kitambaa chekundu ndani ya kioo. Hakuja kunisalimia. Alijipanga nyuma, akafunga mkanda.

Mwalimu Onzima alikuwa amerudi pia, lakini hakuwa yule wa zamani. Bega lilikuwa halijapona vizuri, na woga nao ulikuwapo, ingawa asingekubali. Alishuka nafasi moja baada ya nyingine, mpaka katika mzunguko wa sita nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiwazia: Peugeot ndiyo iliyokuwa nyuma ya Datsun. Ilikuwa na kasi zaidi, na ilikuwa haipiti. Ilimfuata mwalimu nusu mzunguko, taa zimewaka, umbali uleule, kama gari la msiba. Watu walikuwa wameacha kupiga kelele. Walifika kwenye sehemu ileile iliyonyooka, kabla ya kisima.

Datsun ikasogea kushoto, mapema, ikaacha barabara yote wazi. Mkono wa Mwalimu ukatoka dirishani, ule wa kulia, nusu tu kwa sababu ya bega, ukamwita: pita, pita. Peugeot ikapita.

Walipomaliza, Papa Kambale alishuka kabla injini haijanyamaza, akaenda moja kwa moja kwenye Datsun, akafungua mlango na kumshushia Mwalimu mkanda wa bega, maana mkono wake haukuweza kupanda hadi pale. Mimi nilikuwa nimeshasogea, sikumbuki nilivyofika.

"Papa Kambale," Mwalimu akasema, anakohoa vumbi, "nusu mzunguko nzima mimi iko nangojea wewe upite. Wewe iko naogopa nini?"

"Niko nakuogopa weye, Mwalimu."

Wakaanza kucheka, wote wawili, mmoja ameketi na mwingine ameinama ndani ya mlango, mpaka Mwalimu akashika mbavu zake na kumwomba anyamaze kwa sababu zinauma. Nilifurahi kiasi kwamba sikujua nijiweke wapi. Nilikwenda nyuma ya gari la maji nikalia kidogo, nikajifuta uso kwa kitenge, kisha nikarudi na kuanza kukagua matairi ya watu, ingawa hakuna aliyekuwa ameniomba.